Nyuma ya Kiti cha Shangazi

Soko la zamani lilikuwa linaondoka. Mabati yalikuwa yameshashushwa, nguzo zimelala chini kama watu waliochoka, na mikokoteni ilikuwa inapishana kwa matusi ya kirafiki. Huu umebeba mizani, ule umebeba makreti ya nyanya, na jamaa mmoja anakwenda na mlango kichwani. Ukimuuliza ni wa duka gani, anakwambia tutajulia huko huko. Katikati ya purukushani yote hiyo, Shangazi alikuwa bado anashona.

"Shangazi, mkokoteni umefika."

"Uambie usubiri. Nina suruali ya mtu hapa, haina mguu mmoja. Atembee uchi kwa sababu soko linahama?"

Aliyekuja kumwita ni binti wa kaka yake, mwanafunzi wa uashi katika chuo cha ufundi. Wenzake walimpa jina la Pimamaji, maana hakuachana na pima maji yake, kile kifaa chenye kiputo cha hewa ambacho waashi hupimia usawa. Alitembea nayo mkobani kama wengine wanavyotembea na kioo, na akiingia nyumba ya watu, macho yake huanza na mstari wa dirisha, halafu ndiyo asalimie. Shangazi ndiye aliyemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu. Miguu ya Shangazi iligoma utotoni, naye akaelewana nayo: yenyewe ikae, mikono ifanye kazi. Cherehani yake ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, na mdomo wake haukuhitaji kuzungushwa. Kumsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu ilikuwa kazi ya Pimamaji tangu siku alipofikia mishikio.

Suruali ikapata mguu wake, mwenyewe akaichukua, cherehani ikapanda mkokoteni. Wakaenda.

Soko jipya lilikuwa zuri, lazima mtu aseme ukweli. Paa la juu, hewa inapita, sakafu inang'aa. Ila lilikuwa limeinuliwa juu ya msingi mrefu kwa ajili ya mafuriko, na kuingia humo ni kwa ngazi. Ngazi mbele, ngazi ubavuni, ngazi nyuma. Aliyelichora soko lile alipenda ngazi kama mtoto anavyopenda peremende.

Chini ya ngazi za mbele walimkuta fundi viatu, ambaye kila mtu alimwita Kiraka, amekaa kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile ya kuendeshwa kwa mikono, anatazama juu kama mtu anayengoja mvua. Na mkuu wa soko alikuwa anashuka. Yeye aliitwa Bwana Funguo. Funguo zilimning'inia kiunoni, ukazisikia kabla hujamwona.

"Karibuni, karibuni! Nyie wenzetu tumewafikiria. Mtakaa kule nyuma, chini kabisa. Hakuna ngazi hata moja."

"Kule nyuma wapi?" Kiraka akauliza. "Jalalani?"

"Karibu na jalala. Siyo jalalani."

"Ahaa. Basi wateja wetu ni nzi. Haidhuru, kila mmoja ana miguu sita, viatu vitatoka."

Waliokuwa karibu wakacheka. Shangazi hakucheka. "Mimi nilitumbukiza mkono kwenye boksi la kura kama wengine," alisema, "nikapata kizimba cha katikati, jirani na mlango mkubwa. Miaka yote nimeshona juani. Nakitaka kizimba changu."

"Sijakukataza, mama. Kipo juu kinakungoja. Ila utaratibu unaujua. Siku ya ufunguzi, mgeni rasmi akishakata utepe, kizimba ambacho mwenyewe hajakaa ndani yake anapewa mwingine. Wanaongoja ni wengi." Akapanda zake, funguo zikilia.

Miongoni mwa wanafunzi waliokuja kusaidia kubeba alikuwemo Jitu, kijana wa darasa moja na Pimamaji, mwenye mabega ya kuziba mlango. "Shangazi, hili halina haja ya kuumiza kichwa," alisema. "Siku hiyo nakubeba mimi. Wewe, kiti na cherehani, safari moja."

"Ahsante mwanangu, na mama yako ahsante kwa kukulisha vizuri. Lakini ukinibeba siku hiyo, huyu bwana atamwambia mgeni wake, unaona, mbona wanaingia? Hapo yameisha. Kesho yake nataka kwenda msalani, wewe uko darasani. Nifanyeje, nipulize filimbi?"

Pimamaji alikuwa ameshaitoa pima maji yake na kuilaza kwenye ngazi ya kwanza, anatazama kile kiputo cha hewa. Kilitulia katikati kabisa. Ngazi zilikuwa zimenyooka, na hilo ndilo lililomuudhi. Mtu alikuwa amefanya kazi nzuri, kwa uangalifu, tangu mwanzo hadi mwisho, na Shangazi hakumpitia akilini hata mara moja.

Jioni hiyo wanafunzi walikusanyika kwenye karakana ya chuo, kati ya marundo ya mchanga na matofali ya mazoezi. Waashi walikuwepo, na wachomelea vyuma, na maseremala wachache waliokuja kwa kusikia makelele. Makelele yalikuwa ya Redio, kijana wa uchomeleaji, ambaye akianza kusema humzimi.

"Tuandamane!" alikuwa anasema. "Mabango, vuvuzela, barabara yote ituone! Soko ni la watu wote au ni la wenye magoti?"

"Tutaandamana," Pimamaji akasema, "lakini bango tutaliegemeza wapi likichoka? Watu wengine wakikasirika wana kalamu. Sisi tuna mchanga. Tuandamane na toroli, tukajenge mteremko wa magurudumu kando ya ngazi."

Ndivyo ilivyokuwa. Kesho yake baada ya masomo mji uliona maandamano ambayo haukuwahi kuyaona: vijana wenye koleo mabegani, makarai vichwani, toroli zimejaa kokoto, na mbele yao Shangazi na Kiraka kwa magurudumu yao. Mchanga na saruji walivipata kwa mwalimu wao wa uashi, aliyesema kwamba somo la mwezi ule lilikuwa zege, na hakuna kitabu kilichosema zege lazima imwagwe uani kwa chuo.

Bwana Funguo aliwapokea amefungua mikono kama anayezuia kuku. "Mteremko haumo kwenye ramani!"

"Na sisi hatumo," Kiraka akamjibu. "Ndiyo tumekuja tuwekwe."

"Hapajengwi kitu!"

Wakakaa. Hawakumzuia mtu kupita. Waliketi tu pembeni mwa ngazi na vyombo vyao, na walirudi kesho yake, na kesho yake tena. Redio akatumia muda huo kuongea na wasukuma mikokoteni, maana hata wao ngazi zile zilikuwa zinawamaliza. Mkokoteni ulifika chini ukakoma, kisha gunia moja moja hadi juu kwa mgongo. Siku ya tatu ikaletwa meza ya Bwana Funguo mwenyewe, meza nzito ya ofisini yenye makabati pande zote mbili. Wasukuma mikokoteni wakaishusha chini ya ngazi, wakakaa juu yake.

"Pandisheni!"

"Mkubwa, sisi ni watu wa magurudumu. Magurudumu yakiishia hapa, na sisi tunaishia hapa."

Meza ikabaki nje juani. Bwana Funguo, kwa kuwa karatasi zake zote zilikuwa ndani yake, akalazimika kufanyia kazi pale pale, kipara kikimetameta, wafanyabiashara wakimzunguka. Kiraka akasogeza baiskeli yake kando yake. "Jirani! Karibu chini. Unaonaje hali ya hewa ya huku?"

Kabla ya jua kuzama akasalimu amri. "Jengeni! Jengeni nipumzike! Ila mwisho wenu ni jiwe la msingi. Hilo jiwe msilisogelee."

Jiwe lenyewe lilikuwa kibao cha marumaru kilichopachikwa kwenye nguzo fupi ya matofali, ubavuni mwa ngazi, kimefunikwa kwa pazia dogo ili mgeni rasmi aje akifunue. Kutoka ngazi hadi hapo nafasi ilikuwa finyu. Pimamaji aliipima, akaguna, akapima tena. Wakapanga mbao za kumwagia zege, na kabla ya kumwaga chochote wakatandaza mbao juu yake ili wajaribu. Akaenda kumwita Shangazi.

"Sitaki," Shangazi akasema, sindano iko mdomoni. "Mimi si godoro la kukaliwa dukani watu wakitazama. Ukiisha niite."

Basi wakajaribu kama waashi wanavyojaribu. Walijaza toroli mchanga uliolowa, mzito kuliko mtu yeyote, Pimamaji akashika mishikio mwenyewe, akainama, akapanda. Ilikuwa ngumu kidogo, ila akafika. Jitu akapanda nayo mbio na kurudi, akicheka. Wakamwaga zege. Wakaipiga mwiko ikawa laini kama uso wa mtoto, wakaifunika magunia na kuimwagia maji asubuhi na jioni hadi ikakaza. Wiki ya ufunguzi ikaingia.

Jumatatu wakatoa magunia, Shangazi akaja amevaa gauni lake la kutokea. Watu wakasimama. Kiraka akapiga baragumu kwa mdomo. Shangazi akashika magurudumu, akajivuta mara moja, akajivuta mara ya pili, na mara ya tatu magurudumu madogo ya mbele yakanyanyuka, kiti kikaelekea angani, kikaanza kurudi nyuma. Pimamaji aliruka akaidaka mishikio. Bila hivyo kichwa cha Shangazi kingefika chini kwanza.

Redio akasema, "Labda ukiinama mbele..."

"Huu si mteremko," Shangazi akasema, anahema. "Huu ni ukuta mliolaza kidogo."

Bwana Funguo alikuwa juu, ameegemea nguzo. "Si asukumwe tu? Mbona binti yake yupo? Mlitaka, mmepata. Mimi nimemaliza."

Pimamaji alikuwa bado ameshika mishikio. Alishuka na kiti hadi chini taratibu, kisha akasema, "Shangazi, niazime kiti chako."

Jitu akamwinua Shangazi akamkalisha kwenye ile meza ya ofisini, ambayo ilikuwa bado chini inangoja kupandishwa, na Pimamaji akakaa kwenye kiti. Katika maisha yake yote hakuwahi kukikalia. Watoto wengine wangekichezea. Yeye alifundishwa kwamba kiti kile ni miguu ya mtu, na miguu ya mtu haikaliwi. Akashika magurudumu akajivuta. Zege ile aliyoilainisha kwa mkono wake ikamkatalia. Mabega yakawaka, kifua kikabana, kiti kikamvuta nyuma kama mtu anayemshika shati, na aliposimamisha magurudumu kupumua, akaona hawezi kupumua, kwa sababu kuachia ni kurudi. Hakufika hata nusu. Akateremka kinyumenyume, mkono mmoja umechubuka.

Hapo akaelewa alichokifanya. Maisha yake yote kiti kile alikuwa amekiona kwa nyuma. Alijua uzito wake mikononi, alijua jinsi mgongo wa anayesukuma unavyoinama, alijua kila shimo la barabara kwa jinsi linavyogonga mishikio. Akajenga njia ya msukumaji. Akaijaribu kwa toroli, kitu kisichokwenda popote bila mtu nyuma yake, na akaridhika.

"Mbovu," akasema. "Kosa ni langu. Inavunjwa."

Jitu aliitazama zege kama mtu aliyeambiwa achinje mbwa wake. "Yote?"

"Yote."

"Na langu limo humo ndani," Shangazi akasema kutoka juu ya meza. "Ningekuja kwenye zile mbao ungejua mapema. Kiburi changu mmekimwagia saruji. Haya, vunjeni vyote viwili, mimi nawashonea glavu."

Na akashona kweli, kwa vipande vya turubai la soko la zamani.

Walivunja kwa nyundo na mitaimbo Jumatatu ile ile. Kumwaga zege upya hapakuwa na muda, isingekaza kabla ya Jumamosi ya ufunguzi. Pimamaji alikaa chini na kijiti, akachora mchangani. Njia ndefu, iliyolala, inafuata ukuta, inafika mahali pa kupumzikia palipo bapa, inageuka, inapanda tena kidogo. Kuta mbili fupi za matofali. Katikati kifusi cha ile zege waliyoivunja, kishindiliwe mpaka kiseme basi, juu yake matofali ya kulala. Wachomelea wakachukua mabomba yaliyokuwa nguzo za vibanda vya zamani, wakayaunga yawe mkono wa kushikia pande zote mbili. Kila hatua ya kazi Shangazi alijaribu mwenyewe, mbele za watu, amekunja mikono ya gauni. "Hapa panauma. Hapa pazuri. Hapa nani kalaza tofali hili, ana chongo?"

Kila kitu kilikwenda, isipokuwa kitu kimoja. Mahali pa kugeukia palikuwa pale pale lilipokuwa jiwe la msingi.

Ijumaa asubuhi Pimamaji alipanda akagonga mlango wa ofisi. Akamweleza Bwana Funguo kwa heshima zote: jiwe litatolewa bila kukwaruzwa, litapachikwa kwenye ukuta wa njia, hatua chache tu kutoka lilipo.

"Jiwe hilo lina jina la mtu mkubwa."

"Jina halitafutika, baba. Litasogea tu."

"Liguse, uone. Nitampigia mkuu wa chuo chako. Utarudi nyumbani kushona vifungo."

Alishuka ngazi. Chini walikuwa wanamngoja wote, na Redio akauliza, "Amesemaje?"

"Amekataa."

"Tumwambie aje akae kwenye kiti aone mwenyewe!"

"Mwache," Shangazi akasema. "Kiti changu si cha maonyesho."

Pimamaji alitoa tindo na nyundo mkobani. Akaujaribu ukali wa tindo kwa kidole, taratibu, maana marumaru haitaki haraka. Aliifikiria mitihani iliyokuwa karibu. Akaifikiria na Jumamosi: Shangazi chini ya ngazi, utepe unakatwa, mtu mwingine anakaa kizimbani.

"Sogeeni," akasema. "Hili nalifanya mimi peke yangu, asiulizwe mwingine."

"Acha wazimu," Jitu akasema, akaja kushikilia kibao kwa chini.

Aligonga kuzunguka kibao kama anayemkata kucha mtoto aliyelala. Juu Bwana Funguo alikuwa anapiga simu kwa sauti ya kusikika sokoni kote. Hakuna aliyekwenda kumsaidia. Wasukuma mikokoteni walikuwa wamejipanga mbele ya kazi, kwa bahati mbaya tu, wanafunga kamba zao za viatu. Mkuu wa chuo alipowasili, nguzo ya jiwe ilishakuwa kifusi ndani ya njia, matofali yamepita juu yake, na kibao kilikuwa ukutani kwenye kona, kizima, pazia lake limefungwa upya.

Mkuu wa chuo alikuwa fundi wa zamani, mtu wa maneno machache. "Nani aliyeamua hili?"

"Sisi!" wakajibu wote.

"Mimi," akasema Pimamaji. "Ramani ni yangu, tindo ni yangu. Na ile ya kwanza iliyovunjwa nayo ni yangu."

Mkuu wa chuo akanyoosha mkono. Pimamaji akadhani anataka tindo. Alitaka pima maji. Akailaza kwenye kona ya kupumzikia, akainama, akatazama kiputo kwa muda mrefu, akamrudishia. "Huna chuo mpaka mwaka ujao," alisema. "Na kule juu mkono wa bomba unacheza. Kazeni kabla hamjaondoka."

Wakakaza.

Jumamosi utepe ulikuwa umefungwa kwenye mlango mkubwa na mgeni rasmi ameshashuka garini. Shangazi alikuwa chini. Cherehani ilikuwa mapajani mwake, imefungwa kwa kitambaa. Pimamaji alisogea nyuma ya kiti kwa mazoea, mikono ikaenda yenyewe kwenye mishikio.

"Toka huko," Shangazi akasema bila kugeuka.

Akatoka. Akasimama kando, hajui mikono aiweke wapi.

Shangazi akaanza. Hakwenda haraka. Mara nyingine alisimama, akashika bomba, akamtazama mtu aliyekuwa anamtazama mpaka yule mtu akaangalia pembeni. Kwenye kona alipumzika, kichwa chake kikiwa sawa na jiwe la msingi, akalipangusa pazia lake vumbi kwa kiganja. Kisha akageuka, akapanda kipande kilichobaki. Akapita chini ya utepe bila kuinama, kwa kuwa ulimpita juu, akaenda mpaka kizimba cha katikati, akaweka cherehani mezani, akatunga uzi. Ndipo mkasi ukakata.

Kizimba kilibaki chake. Alishona hapo miaka mingi, mpaka macho yalipopungua, akamwachia msichana mwenye magongo aliyemfundisha kazi. Kiraka alipata sehemu ndani, kando ya wauza mikoba, na hakuacha kulalamika kwamba nje kulikuwa na hewa zaidi. Mgeni rasmi alilazimika kuchuchumaa ili alifunue jiwe lake, picha ikatoka vibaya. Bwana Funguo alipelekwa soko lingine, dogo, lisilo na ngazi. Wasukuma mikokoteni hutumia njia ile kuliko mtu yeyote, na matofali ya kona yameshabadilishwa. Jitu alimaliza chuo, akajenga nyumba nyingi na kunenepa. Redio aligombea uongozi wa wanafunzi, akashindwa, akagombea tena, akashinda. Pimamaji alikaa nyumbani mwaka mzima, akapiga plasta vyumba vya watu, kisha akarudi akarudia darasa na vijana asiowajua. Alifaulu. Sasa anajenga shule na zahanati, na kabla hajamwaga zege ya mteremko wowote huchukua kiti cha magurudumu, akakikalia, akapanda mwenyewe. Kiti hicho alikinunua. Cha Shangazi hakukikalia tena.